Aliyeona Ndiye Mleta

Gari la Starri lilinuka hata kabla ya kulipanda. Svala alisimama uani kwake Brekka, mfuko wa nyasi kavu begani, mbwa wake Lubbi miguuni, akasubiri mlango ufunguliwe kwa ndani. Ilikuwa saa tatu asubuhi na giza bado limetanda. Wiki ya kwanza ya Desemba jua la kaskazini ni mgeni wa kupita, huja saa tano na kuaga saa tisa. Mlango ulipofunguka, harufu ilitangulia kushuka: papa wa kuvunda, ugoro, na soksi za mtu aliyelala nazo.

"Panda, kipenzi," alisema Starri. "Leo utajua tofauti ya gari na toroli."

Svala alipanda. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mjane, na hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Harufu si kosa, alijiambia. Hata zizi lake lilikuwa na harufu yake.

Starri alikuwa jirani yake wa shamba la tatu. Baba yake alipofariki aliuza kondoo wote, akajenga vibanda vya wageni pale walipokuwa wakilala, akanunua gari hili jeupe lenye matairi yanayomfika mtu kiunoni. Kazi yake siku hizi ilikuwa kuwapandisha watalii nyanda za juu wakapige picha. Lakini kuuza kondoo hakumwondolei mtu wajibu wa mlima. Katika bonde lile, kila mwenye ardhi hutoa watu na vyombo vya kuwatafuta kondoo waliosahaulika juu baada ya msako mkuu wa Septemba. Mwaka huu kura ya gari ilikuwa imemwangukia yeye, na alikuwa amenung'unika wiki nzima.

Siku tatu zilizopita rubani wa ndege ndogo alikuwa ameona vitone vitatu ndani ya Korongo la Kunguru. Ketill, mkuu wa misako, ambaye bonde zima lilimwita mfalme wa mlima, alimpigia Svala simu.

"Mmoja ana madoa, Svala wangu," alisema. "Sisemi zaidi."

Hakuhitaji kusema zaidi. Flekka alikuwa kondoo kiongozi. Hao ni wachache, wembamba, wenye miguu mirefu na akili ambayo kondoo wengine hawakujaliwa. Dhoruba ikiwa bado siku moja mbali, kiongozi huijua, huligeuza kundi na kulileta nyumbani kabla mchungaji hajavaa viatu. Ukoo wa Flekka ulikuwa Brekka tangu siku za bibi yake Svala, jike akizaa jike, na Flekka ndiye jike wa mwisho. Akifa, ukoo umekwisha. Mwezi wa Oktoba, msako wa pili uliporudi bila yeye, Svala alikaa zizini kwenye ndoo iliyopinduliwa akalia kidogo, kisha akainuka akaendelea na kazi. Sasa alikuwa na nyasi mapajani, na ameanza tena kutumaini, jambo ambalo halikumfurahisha.

Waliondoka. Kwenye kioo cha mbele Starri alikuwa amebandika kamera ndogo iliyomtazama yeye mwenyewe. Aliongoza usukani kwa goti, akamwaga ugoro mgongoni mwa mkono wake, akauvuta wote kwa pua moja. Baada ya muda kamasi la kahawia lilianza kushuka mdomoni. Alilifuta kwa kiganja, na kiganja akakirudisha kwenye usukani. Svala aliutazama usukani ule. Ulikuwa na ngozi nyeupe zamani.

"Vuta kidogo, Svala. Utafungua mapafu."

"Ahsante. Yamefunguka."

Kwenye lango la mwisho la malisho walisimama kupunguza upepo kwenye matairi. Theluji ilianzia pale, ya magotini, yenye tabaka gumu juu. Gari zito likiwa na upepo wa barabarani huzama kama kisu. Likipunguzwa hadi paundi tatu nne, matairi hulala bapa na gari huelea. Svala alishika upande wake. Alifungua vali moja moja, akapima, akafunga, akapima tena. Starri alifungua zake akaziacha zifoke huku akijirekodi.

"Difu loki mbele na nyuma," aliiambia kamera. "Nikibonyeza hiki chekundu na hiki cha njano, magurudumu yote manne yanazunguka sawasawa, hakuna la kuzembea. Hakuna mlima utakaonikatalia." Akageuka kwa Svala. "Wewe trekta lako lina difu loki?"

"Linayo."

"Unaifunga lini?"

"Nikikwama. Nikitoka naifungua."

Starri alicheka. "Mimi nimezilipia zote mbili. Zinafungwa nyumbani, zinafunguliwa nyumbani."

Svala alifunga vali yake ya mwisho. Injini na ekseli alizijua kwa mikono yake mwenyewe. Mume wake alipofariki hakuwa na fedha wala fundi, akalivua trekta vipande vipande, akapanga kila nati juu ya gunia kwa utaratibu wa kutoka, akalirudisha. Ilimchukua majira ya baridi mazima. Tangu hapo alikuwa na mazoea ya kuacha kitu kijieleze chenyewe kabla ya kukisemea.

Kwenye mfuko wa mlango wake mlikuwa na kopo la rangi ya kupuliza, rangi ya chungwa, mdomo wake umeganda. Kila shamba lilikuwa na kopo na rangi yake. Brekka walikuwa na buluu, Ketill kijani, Starri chungwa, ileile ya mistari iliyochorwa ubavuni mwa gari lake. Mtu akimwona kondoo mlimani na asiweze kumchukua siku hiyo, humpulizia mstari mgongoni na kumwarifu Ketill jioni ileile. Kuanzia hapo deni ni lake. Aliyeona ndiye mleta, ndivyo walivyosema bondeni, na hakuna aliyekumbuka nani alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Svala alilisogeza kopo lisimgonge goti.

Walipanda. Kila gari lilipoyumba, bakuli la plastiki miguuni mwa Starri lilitoa mvuke wa papa. Alikula vipande vyake vya manjano kwa vidole viwili, na kila vitatu akamrushia Lubbi kimoja.

"Usimpe, Starri. Tumbo lake halitaki."

"Mwache ale chakula cha wanaume."

Kabla ya mlima wa pili Lubbi alitapika. Alitapika polepole na kwa ukamilifu, juu ya buti za Svala, kisha akamtazama kwa aibu. Starri alicheka mpaka ugoro ukamtoka tena. Svala alifungua kioo, akafuta buti kwa konzi ya nyasi kavu, akaitupa nje. Nyasi ile alikuwa ameipima kwa ajili ya Flekka. Hilo ndilo lililomkera zaidi ya matapishi.

"Mara ya mwisho kupanda huku ni lini?" aliuliza, ili kuuliza kitu.

"Agosti. Barabara ilipofungwa mimi sikugusa tena. Sheria ni sheria."

Mwanga ulikuwa umeanza kuja, wa kijivu, walipofika kwenye kibanda cha wasakaji. Starri alisimama kujisaidia. Alisimama palepale penye mlango, akaandika herufi za jina lake kwenye theluji. Svala alizunguka nyuma ya kibanda kuangalia kama kuna nyayo za kondoo, akakuta kitu kingine. Ukuta mzima wa nyuma, mahali pasipo na upepo, palikuwa choo. Vinyesi vya watu vimeganda kama mawe, karatasi laini zimeshikana na barafu, pakiti za tambi zenye maandishi ya kigeni, soksi moja, glavu za plastiki. Watu wazima walikuwa wamechuchumaa pale mmoja baada ya mwingine, choo cha kibanda kikiwa hatua ishirini tu mbele yao.

Aligeuka, akavuta pumzi mara tatu, akageuka tena. Kwa ncha ya buti iliyonuka papa akaisukuma karatasi moja. Haikusogea. Chini yake palikuwa na tabaka jeusi la barafu, lile la mvua ya tarehe kumi na mbili Oktoba, mvua iliyomwagika siku mbili ikaganda na kuvunja nyaya za umeme bonde zima. Hakuna aliyeisahau. Uchafu haukuwa chini ya tabaka lile. Ulikuwa juu yake.

Svala aliliweka hilo kando, kama anavyoweka nati juu ya gunia. Pengine ni watu wengine. Magari yenye uwezo wa kufika huku Oktoba hayazidi matano kaskazini yote, lakini matano si moja.

"Nyuma ya kibanda pachafu," alisema aliporudi.

"Watalii, kipenzi. Wanakuja na vigari vyao. Mapumbavu."

Korongo la Kunguru lilikuwa nusu saa mbele. Waliliacha gari juu tambarare, wakashuka kwa miguu, Svala mbele na kijiti chake cha chuma, Starri nyuma akilalamikia magoti. Lubbi ndiye aliyewapata. Alikimbia chini ya jabali lililoinama akaanza kulia bila kubweka, mkia chini.

Pale chini ya jabali upepo ulikuwa umechonga pango la theluji. Kondoo watatu walikuwemo. Mmoja alikuwa amekufa siku nyingi. Kunguru walikuwa wametoa macho na ulimi, na tumbo lilikuwa wazi. Wawili waliobaki walisimama kumwegemea, kwa kuwa hapakuwa na pa kusimama pengine. Mmoja alikuwa mwanakondoo dume wa mwaka huu, sikioni ana mkato wa shamba la Ketill. Mwingine alikuwa Flekka.

Svala alimjua kwa kichwa tu. Mwili haukuwa wake tena. Kondoo wakikosa nyasi hulana sufu, na hawa walikuwa wamelana mpaka ngozi ya waridi ikaonekana, shingoni, ubavuni, mapajani. Flekka alikuwa uchi kama kuku aliyenyonyolewa nusu. Sehemu moja tu wenzake hawakuigusa. Ilianzia begani mpaka kiunoni, upana wa kiganja, na sufu yake ilikuwa ndefu na nzima.

Ilikuwa ya rangi ya chungwa.

Svala alipiga magoti. Alivua glavu, akaigusa. Rangi ilikuwa imekauka na kukakamaa. Ndiyo maana hawakuila. Haikuwa na ladha. Alimpa Flekka nyasi kidogo, konzi ya kwanza ndogo sana, akangoja aone kama atameza. Flekka alitafuna, akaacha, akatafuna tena. Akameza.

"Yuko hai!" alisema Starri nyuma yake kwa sauti ya kushangilia, kamera mkononi. "Mwambie apunge mkono."

"Starri," alisema Svala. "Njoo uone."

Alikuja. Aliona. Kamera ilishuka taratibu.

"Chungwa ni rangi ya watu wengi," alisema.

"Ya nani mwingine?"

Starri alitoa kopo la ugoro, akalifungua, akalifunga. "Sikiliza, Svala. Nilikuwa na watu wanane ndani ya gari. Wanane! Wamefunga safari kutoka ng'ambo ya bahari kuja kuona barafu. Ningemweka wapi, mapajani mwa Mbelgiji?"

"Hukumwambia Ketill."

"Ningemwambia, ningelazimika kurudi. Wiki ile yote ilikuwa imejaa. Na barabara imefungwa, angeniuliza nilikuwa natafuta nini huku. Nilidhani ndege... nilidhani mtu atawaona."

"Ulimpulizia rangi."

"Basi si niliona? Wale Wabelgiji walifurahi sana kuona. Walipiga picha."

Svala alibaki amepiga magoti. Wiki saba, tangu ile barafu ya Oktoba. Mtu alisimama hapa, palipo na magoti yake, na kondoo walikuwa wanene bado, akatikisa kopo, akapuliza ili watu wacheke, kisha akaenda kula chakula cha jioni.

"Nishikie miguu ya nyuma," alisema.

Walimbeba Flekka kwanza, kisha mwanakondoo. Walikuwa wepesi mno. Njiani Starri aliongea bila kupumzika: majira ya kuchipua atampa majike wawili wazuri, wanene, wa kununua. Flekka si dhahabu. Na kweli, tukisema ukweli, huyu hata akifika hatazaa tena, si afadhali kisu hapahapa, ni huruma tu. Alipoona Svala analaza magunia nyuma ya viti, alisimama mlangoni.

"Hapo? Viti ni vipya, Svala. Watakunya."

"Watakunya," alikubali Svala, akamwingiza Flekka.

Ilikuwa saa saba na nusu. Upande wa bahari anga lilikuwa limegeuka rangi ya risasi, na chembe za theluji zilikuwa zimeanza kutambaa juu ya ardhi kama moshi. Kwenye redio ya upepo sauti ya Ketill ilikuja ikikwaruza.

"Svala wangu. Mna nini?"

"Wawili wazima, mmoja amekufa. Wako ni dume mmoja."

"Na yule?"

"Yuko hai."

Ketill akasema, "Dhoruba inafika saa kumi. Njooni polepole, lakini njooni."

Starri alikata kona. Badala ya kurudi kwa njia ya tambarare waliyojia, aliamua kupita ubavuni mwa korongo, mteremko uliolala upande wa kushoto, ili kuokoa robo saa. Upepo ulikuwa umefagia theluji yote ubavuni humo ikabaki barafu tupu, ya buluu. Taa mbili, nyekundu na ya njano, zilikuwa zinawaka mbele ya usukani.

"Fungua difu," alisema Svala.

"Kwenye barafu? Unataka tufe?"

"Huu si mlima wa kupanda. Ni wa kukatiza. Difu ikiwa wazi, gurudumu moja likiteleza, mwenzake anabaki ameshika. Ukizifunga yanateleza yote pamoja, na gari linakwenda kule linakotaka kwenda." Alionyesha kushoto, chini, penye ukingo wa korongo.

"Nimeendesha hili miaka sita, bibi."

"Najua."

"Nimevuka mito nalo."

"Najua, Starri. Fungua."

Aliongeza mafuta. Magurudumu manne yalizunguka sawasawa, kama alivyowaahidi watazamaji wake, na sawasawa yakapoteza mshiko. Gari halikuruka wala halikupiga kelele. Lilianza tu kusogea ubavu, kwa upole, kama sahani juu ya meza iliyoinama. Starri alizungusha usukani kulia. Magurudumu ya mbele, yamefungwa pamoja, hayakusikia. Alipiga breki na gari likateleza vizuri zaidi. Kisha tairi la nyuma la kushoto likagonga jiwe lililochomoza, gari likasimama, limeinama, na upande wa Starri kioo kilionyesha hewa tupu na, mbali chini, kunguru wawili wakitembea juu ya theluji.

Nyuma, Flekka alikunya.

Starri alitapika. Papa yote ilitoka, kwenye usukani, mapajani, juu ya vitufe vyake. Kisha akampanda Svala, kweli akampanda, goti tumboni na kiwiko shingoni, akafungua mlango wa juu na kutoka. Alisimama barafuni ameshika kioo cha pembeni kwa mikono miwili.

"Watoe kondoo!" alipiga kelele. "Tupunguze uzito! Watoe, Svala! Tutakuja kuwachukua kesho!"

Svala alimtazama. Neno hilo kesho lilimkalia mdomoni kama mfupa. Alikuwa ametafuta tangu asubuhi sababu ya kumwonea huruma mtu huyu, kwa uaminifu, kama anavyotafuta nati iliyopotea, na sasa aliacha kutafuta.

"Kaa hapo juu," alisema. "Ukae ulipo, usitembee."

Alishuka kwanza. Alifungua vali za matairi ya juu, kisha akalala kifudifudi na kunyoosha mkono kwa yale ya chini, mpaka paundi mbili, mpira ukakunjamana juu ya barafu kama tumbo la mzee. Kwa kijiti cha chuma alichonga barafu nyuma ya tairi la juu la nyuma, kisha nyuma ya la mbele, vijifereji viwili vya urefu wa hatua, vinavyoelekea kule walikotoka. Alirudi ndani. Alipangusa vitufe kwa mkono wake wa sweta, kwa kuwa lazima aone anachobonyeza, na akaketi juu ya yale yaliyokuwa kwenye kiti, kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine chenye usukani.

Alizima kitufe cha njano. Taa ya difu ya nyuma ilizimika. Alizima chekundu. Taa yake iliendelea kuwaka.

Alilijua jambo hilo. Ekseli ikijikaza, meno hubanana na hayaachii kwa amri tu. Hakuna haja ya kuyalazimisha. Aliweka gia ya chini kabisa ya kurudi nyuma, mguu mbali na mafuta, akaachia klachi kwa upana wa uzi, akazungusha usukani kidogo kulia, kidogo kushoto, kama mtu anayebembeleza ufunguo katika kufuli kuukuu. Gari lilitetemeka. Jiwe lilikwaruza. Kushoto, kulia. Usukani ulikuwa unateleza kwa matapishi na ugoro wa miaka sita.

Taa nyekundu ilizimika.

Sasa gurudumu moja lilizunguka bure na mwenzake likashika. Aliweka mguu wa kushoto juu ya breki, kwa uzito wa kidole tu, kulituliza lile linalozubaa. Injini ikajivuta. Tairi la juu liliingia katika kijifereji, likakaa. Kisha la mbele. Gari likarudi nyuma shubiri, likarudi hatua, likafuata alama zake lenyewe kwa mwendo wa mwanamke mjamzito akipanda ngazi, na hewa tupu dirishani ikageuka barafu, barafu ikageuka theluji.

Juu tambarare alisimama. Flekka alikuwa bado amesimama kwa miguu minne, kichwa chake kimeegemea kiti. Svala alimpa konzi ya pili ya nyasi.

Starri alikuja akitambaa. Alipofika mlango wa dereva aliufungua, akangoja. Svala hakusogea.

"Ni gari langu," alisema.

"Ndiyo. Panda upande ule."

Walirudi kwa njia ndefu. Palipokuwa na rundo la theluji laini, mbele moja kwa moja, Svala alifunga difu ya nyuma, akavuka, akaifungua. Mara nne alifanya hivyo. Starri alikuwa amekaa na Lubbi mapajani, na Lubbi hakuonekana kuupenda mpango huo. Dhoruba iliwapata penye lango la malisho, wakati wa kujaza upepo, lakini kutoka pale barabara ilikuwa na nguzo.

"Svala," alisema Starri taa za Brekka zilipoonekana. Sauti yake ilikuwa imerudi, ya kipenzi. "Ketill atakuwa anangoja zizini. Nina mkasi kwenye sanduku. Dakika moja tu. Unakata ile sehemu, basi. Hata wewe hutaki maneno bondeni."

Svala aliendesha hadi mlangoni mwa zizi, akazima injini, akaweka breki ya mkono.

"Kondoo aliyekonda hivi hanyolewi majira ya baridi," alisema. "Atakufa. Tutamnyoa masika."

"Sufu ya kiganja kimoja!"

"Ndiyo sufu pekee aliyonayo."

Ketill alikuwa amekwisha kuwasha taa na kuandaa maji ya vuguvugu. Alikuwa mzee mrefu mwenye ndevu za rangi ya kamba. Alimsaidia Svala kumshusha Flekka, wakamsimamisha kwenye majani makavu chini ya balbu, karibu na mlango, mahali ambapo kila anayeingia humwona kwanza. Ketill alimzunguka. Alivua glavu yake ya kulia, akaweka kiganja juu ya ule mstari. Kilitosha sawasawa. Alikiacha pale kwa muda mrefu. Kisha akaitazama mistari ya ubavuni mwa gari, nje, palipokuwa na mwanga wa mlango.

Starri alikuwa ameshika mpira wa maji wa Svala bila kuuliza, anaosha viti. Mavi yalitoka. Papa pia ilitoka, karibu yote.

"Wale wako hawakuonekana, Ketill," alisema kwa nguvu kupita kelele za maji. "Majike wako wawili waliokosekana tangu Septemba. Mkitaka, wiki ijayo napanda tena. Bila wasiwasi."

Ketill alimgeukia Svala. "Wapo wawili bado juu," alisema taratibu. "Utapanda naye?"

Svala alikuwa ameinama, mkono chini ya kidevu cha Flekka, akimwonyesha maji. Alinuka matapishi ya mtu mmoja na mbwa mmoja, na alijua hata akioga mara tatu usiku ule usukani ule hautamtoka viganjani. Flekka alichovya midomo. Alikunywa.

"Gari lije," alisema Svala. "Yeye abaki."